Nuru Inapopanda Oktavu Moja: Fuwele, Leza na Mapigo Mafupi Kupita Kiasi

Tochi ndogo za leza zenye mwanga wa kijani zimeshazoeleka. Mwalimu huonyeshea ramani ukutani, mtoa mada huzitumia kwenye semina ya parokia, na watoto hununuliwa mitaani kama vitu vya kuchezea. Wachache wanajua kwamba ndani ya nyingi ya tochi hizo hakuna kifaa kinachotoa kijani moja kwa moja. Kinachozalishwa kwanza ni mionzi ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni. Mionzi hiyo hupita katika kipande cha fuwele kilicho kidogo kuliko punje ya mchele, na upande wa pili hutoka kijani kikali.

Katika makala hii tunaeleza kinachotendeka ndani ya fuwele hiyo, na kwa nini kazi hiyo hiyo inakuwa na nguvu zaidi, lakini pia ngumu zaidi, pale nuru inapotumwa kwa mapigo mafupi kupita kiasi. Tunawaandikia vijana wa seminari wanaosoma fizikia, na pia wazazi ambao hawajawahi kuingia maabara. Tutamalizia kwa jambo linalowahusu wote, yaani usalama wa macho ya watoto.

Rangi ni masafa

Nuru ni wimbi, na rangi yake inategemea wimbi hilo linatikisika mara ngapi kwa sekunde. Hayo ndiyo tunayoyaita masafa. Infraredi iliyomo katika tochi tuliyoitaja ina urefu wa wimbi wa nanomita 1064, maana yake inatikisika mara trilioni 282 hivi kwa sekunde. Kijani kinachotoka kina nanomita 532, na kinatikisika mara trilioni 564. Urefu wa wimbi umegawanywa kwa mbili, na masafa yamezidishwa kwa mbili.

Wanakwaya wataelewa haraka. Sauti ya "do" ya juu ina masafa mara mbili ya "do" ya chini, na umbali kati yao ni oktavu moja. Fuwele basi imeipandisha nuru oktavu moja kamili. Haiipandishi kidogo tu, na haichagui rangi inayotaka. Ukiipa nanomita 800, zilizo ukingoni mwa wekundu unaoonekana, itakupa 400, ambayo ni rangi ya urujuani.

Hata hivyo, fuwele haiongezi nishati. Nuru hubebwa katika vipande vidogo viitwavyo fotoni, na fotoni ya masafa makubwa hubeba nishati kubwa. Kila fotoni moja ya kijani imetokana na fotoni mbili za infraredi zilizoungana. Ni kama kwenda dukani na noti mbili za shilingi 5,000 ukabadilishiwa moja ya 10,000. Umepata noti kubwa zaidi, lakini fedha yako ni ile ile.

Spika inayozidiwa

Kwa nini basi mwanga wa jua ukipita kwenye kioo cha dirisha haubadiliki rangi? Tuangalie spika za kanisani. Sauti ikiwa ya kiasi, spika hutoa noti ile ile iliyopewa. Fundi akiifungulia kupita uwezo wake, sauti huanza kukwaruza. Kukwaruza huko ni noti mpya ambazo mwimbaji hakuziimba, na masafa yake ni mara mbili, mara tatu au mara nne ya noti ya mwanzo. Utando wa spika umeshindwa kufuata mwendo mkubwa uliotakiwa, na umbo la wimbi limepotoka.

Ndani ya fuwele kazi ya utando inafanywa na elektroni. Nuru inapopita huzisukuma mbele na nyuma, nazo kwa kutikisika hutoa nuru. Msukumo wa mwanga wa kawaida ni mdogo mno ukilinganisha na nguvu inayoifunga elektroni kwenye atomi yake, kwa hiyo elektroni hufuata kwa utii, na rangi inabaki ile ile. Leza yenye nguvu, ikikusanywa kwa lenzi hadi kuwa nukta moja, huzisukuma hadi mwendo wake unapotoka. Hapo ndipo masafa mapya yanapozaliwa.

Lakini si kila kitu kinafaa. Ikiwa atomi zimepangwa kwa namna ambayo kusukumwa kushoto na kusukumwa kulia ni sawasawa, upotofu wa upande mmoja unafutwa na wa upande mwingine, na masafa mara mbili hayatokei. Ndiyo maana ndani ya kioo cha kawaida au maji hutapata kitu. Inatakiwa fuwele ambayo mpangilio wake hauna kitovu cha ulinganifu, ambamo elektroni husogea kwa urahisi zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Kwatsi ni moja ya fuwele hizo.

Doa lililopotea

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Malibu, California, tarehe 16 Mei 1960. Ilitumia yakuti nyekundu, na nuru yake ilikuwa ya nanomita 694. Mwaka uliofuata, katika Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, Peter Franken na wenzake Hill, Peters na Weinreich walielekeza leza ya namna hiyo kwenye kipande cha kwatsi. Walitenganisha rangi zilizotoka na kuzipiga picha kwenye bamba la fotografia. Pale kwenye nanomita 347, yaani nusu kamili ya 694, palikuwa na alama ndogo hafifu. Ilikuwa nuru ya urujuanimno ambayo haikuwemo katika leza.

Alama hiyo ilikuwa hafifu kwa sababu karibu fotoni moja tu kwa kila milioni 100 ndiyo iliyogeuka. Matokeo yalichapishwa mwaka huo wa 1961 katika jarida la Physical Review Letters, lakini katika picha iliyochapishwa mshale unaelekeza mahali patupu. Wanafizikia husimulia kwamba mhariri alidhani doa lile ni uchafu kwenye picha, akalifuta kwa nia njema. Ushahidi wa ugunduzi mkubwa ukaondolewa na mtu aliyetaka ukurasa uwe safi.

Kisa hiki huchekesha, lakini kina funzo kwa kila anayesoma na kuandika. Kazi ya Franken haikuanguka kwa kukosa doa hilo, kwa sababu maelezo ya jaribio yalikuwa wazi, na maabara nyingine ziliweza kulirudia na kuliona wenyewe. Katika sayansi, jambo husimama kwa kurudiwa na wengine, si kwa picha moja peke yake.

Maandamano yasiyoachana

Kwa nini ziligeuka chache hivyo? Sababu kubwa ilikuwa mwendo. Ndani ya fuwele, nuru ya rangi mbalimbali husafiri kwa mwendo tofauti, na kwa kawaida ile ya masafa makubwa huchelewa zaidi.

Tufikirie maandamano marefu ya Jumapili ya Matawi. Walio mbele wanaimba, na walio nyuma wanaimba wimbo ule ule, lakini sauti huchelewa kuwafikia. Baada ya muda mbele wako kwenye kiitikio na nyuma bado wako kwenye ubeti. Watu wote wanaimba kwa nguvu, lakini anayesikiliza kando ya barabara hapati wimbo. Sauti zinaharibiana.

Ndivyo inavyokuwa katika kwatsi. Urujuanimno huzaliwa kila mahali ambapo leza inapita. Ule uliozaliwa mwanzoni mwa fuwele ukifika mbele, unakuta ule unaozaliwa hapo unatikisika kinyume chake, na vyote viwili vinafutana. Katika umbali ulio mdogo kuliko unene wa unywele, kazi yote iliyofanyika huanza kubomolewa. Kuongeza urefu wa fuwele hakusaidii kitu.

Ufumbuzi ulitangazwa mwanzoni mwa mwaka 1962 na makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali: Joseph Giordmaine wa Bell Laboratories, na Paul Maker pamoja na wenzake katika maabara ya kampuni ya Ford. Walitumia fuwele iitwayo KDP. Fuwele za aina hii zina sifa ya pekee: mwendo wa nuru ndani yake unategemea pia upande ambao wimbi linatikisikia, na pembe ambayo nuru imeingilia. Basi wakaizungusha fuwele taratibu hadi wakapata pembe ambayo nuru ya mwanzo, ikitikisika upande mmoja, na nuru mpya, ikitikisika upande mwingine, zinakwenda kwa mwendo ule ule. Hapo waandamanaji wote wako kwenye ubeti mmoja, na kila hatua inaongeza sauti badala ya kuiharibu.

Mwaka huo huo Nicolaas Bloembergen na wenzake wa Harvard waliandika nadharia kamili ya jambo hili. Yeye alipata sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 1981. Leo fuwele inayotumika sana katika maabara ni BBO. Kwa kuigeuza nuru ya nanomita 800 kuwa 400, pembe inayotakiwa ni nyuzi 29 hivi. Ukikosea kidogo tu, rangi ya urujuani inafifia mara moja mbele ya macho yako.

Mapigo mafupi kupita kiasi

Hadi hapa tumezungumzia leza kwa ujumla. Sasa tuingie kwenye zile zinazotoa nuru kwa mapigo ya femtosekunde. Femtosekunde moja ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni. Uwiano wa femtosekunde moja kwa sekunde moja ni sawa na wa sekunde moja kwa miaka milioni 32 hivi. Nuru, ambayo kwa sekunde moja ingeizunguka dunia mara saba na zaidi, kwa femtosekunde 100 husafiri milimita 0.03 tu. Pigo la nuru la femtosekunde 100 likisimamishwa hewani lingekuwa jembamba kuliko unywele.

Leza maarufu za kazi hii hutumia yakuti samawi iliyochanganywa na titani. Peter Moulton aliionyesha leza hiyo mwaka 1982, na mwaka 1991 kundi la Wilson Sibbett katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, lilionyesha njia nyepesi ya kuifanya itoe mapigo mafupi sana.

Faida yake tunaweza kuikokotoa kwa kalamu na karatasi. Chukua leza yenye nguvu ya wastani ya wati 1, chini ya taa ndogo ya sebuleni. Inatoa mapigo milioni 80 kwa sekunde, kila pigo likidumu femtosekunde 100. Ukijumlisha muda wote ambao nuru ipo, ni sehemu 8 tu kwa kila milioni ya sekunde. Wati moja imebanwa katika muda huo mdogo, kwa hiyo wakati wa pigo nguvu inafika wati 125,000.

Sasa tukumbuke kwamba fotoni mbili ni lazima zikutane. Ukizidisha wingi wa fotoni mara 2, nafasi za kukutana zinazidi mara 4. Ukizidisha mara 10, zinazidi mara 100. Wakati wa pigo uzalishaji wa rangi mpya huongezeka mara 125,000 kwa 125,000. Ingawa mapigo yapo kwa muda mdogo, bado kwa wastani tunapata rangi mpya mara 125,000 zaidi ya leza isiyokatika yenye wati ile ile, mradi sehemu inayogeuka ni ndogo. Inapokuwa kubwa ongezeko hupungua, kwa sababu fotoni za mwanzo zinaanza kwisha. Kutoka moja kwa milioni 100 ya Franken, leo kugeuza zaidi ya nusu ya nishati si jambo la ajabu.

Kwa nini fuwele iwe nyembamba

Mapigo mafupi huja na gharama yake. Mpiga kinanda akishikilia noti kwa sekunde kadhaa, sikio linaitambua bila shaka. Akipiga kofi moja, hakuna anayeweza kusema ni noti gani, kwa sababu sauti fupi ni mchanganyiko wa noti nyingi. Nuru nayo iko hivyo. Pigo la femtosekunde 100 lenye kitovu kwenye nanomita 800 haliwezi kuwa na rangi moja. Ni lazima lienee kwenye upana wa nanomita 9 hivi. Pigo la femtosekunde 10 hueneza upana mara kumi ya huo. Nayo pembe ya fuwele tuliyoipata kwa shida inafaa kikamilifu kwa rangi moja tu. Rangi zilizo pembeni zinaanza kuachana na maandamano.

Kuna tatizo la pili. Hata pale ambapo mawimbi yanakwenda pamoja, pigo lenyewe kama kifurushi lina mwendo wake. Katika BBO, pigo la nanomita 400 huachwa nyuma na lile la 800 kwa karibu femtosekunde 200 katika kila milimita moja. Pigo likiwa la femtosekunde 100, milimita moja tu inatosha kuyaachanisha mara mbili ya urefu wake. Nuru mpya inayoendelea kuzaliwa inapangana nyuma kwa nyuma, na pigo linalotoka linakuwa refu. Tulichokitafuta, yaani ufupi, kinapotea.

Dawa yake ni kuifanya fuwele iwe nyembamba, sehemu ya kumi ya milimita au hata chini ya hapo kwa mapigo mafupi zaidi. Kwa fuwele nyembamba unapata nuru mpya kidogo zaidi, lakini pigo linabaki safi. Linaweza hata kuwa fupi kuliko la mwanzo, kwa sababu nuru mpya huzaliwa zaidi pale katikati ya pigo penye nguvu, na kidogo mno pembeni. Anayefanya kazi hii ni lazima achague: nishati nyingi au ufupi. Vyote viwili kwa ukamilifu haviwezekani katika fuwele moja.

Inatusaidia nini

Matumizi ya kwanza ni kupima. Hakuna saa ya kielektroniki inayoweza kupima femtosekunde 100 moja kwa moja. Basi pigo hupimwa kwa pigo lenyewe. Linagawanywa mara mbili kwa kioo, nusu moja inacheleweshwa kwa kusogeza kioo kingine, kisha nusu zote zinakutanishwa ndani ya fuwele nyembamba kwa njia mbili zinazopishana. Nuru mpya hutoka katikati ya njia hizo pale tu nusu zote mbili zinapokuwepo kwa wakati mmoja. Kusogeza kioo kwa milimita 0.015 kunachelewesha nuru kwa femtosekunde 100, na umbali huo unapimika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Rick Trebino na Daniel Kane waliendeleza njia hii kwa kuchunguza pia rangi za nuru inayotoka, hata umbo la pigo likaweza kujulikana.

Ya pili ni kemia. Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur nchini Misri, alipata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1999 kwa kutumia mapigo ya femtosekunde kufuatilia molekuli zinavyoachana na kuungana. Katika maabara za namna hiyo, kuzidisha masafa huwapa wachunguzi rangi ambazo leza yenyewe haitoi.

Ya tatu ni tiba. Kolajeni, protini inayoipa ngozi, kano na sehemu ya mbele ya jicho uimara wake, haina ulinganifu ule tulioutaja, hivyo yenyewe huzidisha masafa ya leza. Kwa hadubini maalumu, nyuzi za kolajeni huonekana ziking'aa bila kutiwa rangi yoyote, na wachunguzi huitumia kuona jinsi makovu au uvimbe unavyobadilisha mpangilio wake.

Macho ya watoto

Turudi kwenye tochi ya kijani. Baadhi ya tochi mpya hutoa kijani moja kwa moja, lakini nyingi hutumia fuwele, na hapo elimu tuliyoipata inageuka kuwa tahadhari. Fuwele haigeuzi infraredi yote. Inayobaki ni lazima izuiwe na kichujio kabla ya kutoka nje. Katika tochi za bei ya chini kabisa kichujio hicho huweza kukosekana, na fuwele huweza kuwa imepachikwa kwa pembe isiyo sahihi. Pembe ikiwa mbaya, kijani kinafifia, na infraredi isiyogeuzwa inazidi.

Mwaka 2010 wanasayansi wa NIST, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia vipimo na viwango, walitoa taarifa kuhusu tochi ya namna hiyo. Kijani chake kilikuwa hafifu, lakini infraredi iliyotoka ilikuwa nyingi kuliko kijani chenyewe. Mzazi angeiona na kudhani haina nguvu.

Jicho haliioni infraredi hiyo, lakini lenzi yake huikusanya na kuielekeza nyuma ya jicho kama kawaida. Mwanga mkali unaoonekana hutufanya tufumbe macho upesi. Usioonekana hautushtui, na mtoto anaweza kuendelea kutazama huku sehemu ya jicho inaungua bila maumivu. Kidonda cha namna hiyo huenda kisipone.

Kwa hiyo tunawasihi wazazi, walimu na viongozi wa vikundi vya watoto parokiani: tochi ya leza isiwe kitu cha kuchezea. Isielekezwe usoni mwa mtu, kwa dereva wala kwa ndege angani, wala kwenye kioo au bati linaloweza kuurudisha mwanga machoni. Tochi yenye kijani hafifu isihesabiwe kuwa salama. Mtoto aliyemulikwa akisema anaona doa lisiloondoka, apelekwe kwa daktari wa macho bila kungoja.

Kwa wanaotaka kuhakikisha kwamba kuna nuru tusiyoiona, iko njia isiyo na hatari. Elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu, hasa ile ya mbele, kisha bonyeza kitufe. Kamera nyingi zitaonyesha taa ikiwaka pale ambapo macho yako hayaoni chochote. Mfanyeni jaribio hilo pamoja na watoto nyumbani, kisha waelezeni kwa nini tochi ya leza inakaa kabatini.